Jihesabu bila kujidanganya: mwongozo kamili wa siku 14 kwa hela, muda na tabia zako

Kuna maneno mawili kwenye Kiswahili chetu yanakula hela na muda wa watu kila siku na hayashtakiwi popote, "tu" na "kama". Ni buku tu. Napumzika dakika tano tu. Nimetumia kama elfu kumi hivi. Mi mwenyewe nimeishi na hayo maneno miaka mingi, nina steshenari jirani na chuo hapa Dar, natoa kopi, naprinti, nabaindi, siku nzima nawahesabia watu kurasa moja moja na sikosei, lakini ungeniuliza hela yangu ya mwezi imeenda wapi ningekujibu kwa "kama" mwanzo mwisho.

Kilichonibadilisha sio semina wala nini. Siku moja nilitafuta elfu arobaini ya mtoto nikaikosa, na mwezi ule dukani ulikuwa mzuri kabisa. Nikakaa kitandani nikiwa sielewi. Haya ninayoandika hapa ndo niliyofanya baada ya pale, nimeyarudia mara kadhaa, nimewapitisha na watu wawili watatu wa karibu, na yanafanya kazi kwa mtu wa mshahara, mtu wa biashara, hata mwanafunzi wa boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Yanataka daftari la shilingi mia tano, kalamu, simu yako, na siku 14.

Kabla ya yote nielewe kitu kimoja. Kujiambia ukweli sio kujitukana. Watu wengi wakisikia "kuwa mkweli na nafsi yako" wanajua ni kukaa chini na kujiita mzembe, mbadhirifu, huna akili, afu baada ya hapo wanajisikia vibaya na daftari linaishia chini ya godoro. Ukweli ukija na matusi lazima utaukimbia, hata ukiwa unajitukana mwenyewe. Kwa hiyo kwa siku 14 zote sheria ni hii: namba kwanza, lawama hapana. Na usibadilishe chochote. Kama unakunywa bia endelea, kama unabeti endelea, tunaandika kilichopo. Najua inasikika ajabu ila ukianza kujirekebisha siku ya kwanza utakuwa unaandika maisha ya mtu mwingine, utapata wiki mbili nzuri sana ambazo sio zako.

HATUA YA 1: ANDIKA MAKISIO KABLA HUJAFUNGUA KITU

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye thamani kuliko zote. Kabla hujaangalia taarifa yoyote ya simu au benki, chukua ukurasa wa kwanza andika unavyodhani. Kwa mwezi natumia ngapi kwenye bando? Chakula cha nje? Boda na bajaji? Makato ya miamala? Nawatumia ndugu ngapi? Pombe, sigara, soda, kubeti, saluni, chochote kinachokuhusu. Afu muda: nashika simu masaa mangapi kwa siku, nalala mangapi, nafanya kazi kweli kweli mangapi. Andika namba kamili, usiandike "kidogo". Weka tarehe, usifute tena.

Kwa nini ufanye hivi? Kwa sababu namba peke yake haikuambii unajidanganya wapi. Kinachokuambia ni umbali kati ya ulichodhani na kilichopo. Mtu anaweza kutumia laki mbili kwenye chakula na asiwe na shida yoyote, anajua, amepanga, anapenda kula vizuri. Mwingine anatumia elfu hamsini akidhani ni elfu kumi na tano. Wa pili ndo ana tatizo tunalolizungumzia hapa.

Yangu ya mara ya kwanza ilikuwa hivi, naiweka kama ilivyo. Bando nilidhani 20,000, ikaja 47,500. Chakula cha nje nilidhani 60,000, ikaja 132,000. Boda nilidhani 15,000, kumbe 58,000. Makato ya kutuma na kutoa niliweka 10,000, yakaja 38,600. Na kuwatumia ndugu niliandika 150,000 bila kusita maana nilikuwa nalalamika kila siku kwamba ndugu wananimaliza. Ilikuja 85,000. Hii iliniuma kuliko zote. Mwaka mzima nilikuwa nampokea mama simu kwa sauti ya mtu aliyechoka kusaidia, na kumbe boda na chipsi ndo walikuwa wanakula kuliko mama.

Kwa hiyo usidhani uongo wote ni wa kupunguza. Vile tunavyovionea aibu tunavipunguza, vile tunavyopenda kulalamikia au kujisifia tunaviongeza.

HATUA YA 2: VUTA TAARIFA YA MIAMALA

Hapa simu inakusaidia sana, maana pesa za simu zinakumbuka kila kitu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania 2008 na wenzake kufuata, sehemu kubwa ya maisha yetu inapita humo. Ingia kwenye app ya mtandao wako utafute taarifa ya miamala, au piga huduma kwa wateja uulize namna ya kuipata. Chukua mwezi mmoja uliokamilika, sio mwezi huu ulio nusu. Kama una laini tatu, chukua zote tatu. Hapo hapo ndo pa kwanza kujipima, kuna ile laini unajisikia kutotaka kuifungua. Anza na hiyo.

Sasa kaa na kalamu upitie mstari kwa mstari. Usiiachie app ikupangie makundi maana haijui maisha yako, mstari umeandikwa lipa namba ya duka fulani, we ndo unajua ulinunua mchele au ulinunua bia. Weka alama pembeni, herufi moja inatosha, N ya nyumbani, U ya usafiri, K ya kula nje, B ya bando, M ya michango, D ya deni. Ukikuta mstari hukumbuki kabisa weka alama ya kuuliza. Hizo alama za kuuliza zijumlishe kivyake.

Angalia sana mistari ya kutoa kwa wakala. Mimi mwezi ule nilitoa mara 17. Mara kumi na saba! Elfu kumi, elfu kumi na tano, elfu ishirini, kila mara nakatwa, kwa sababu nilikuwa najiambia nikitoa kidogo kidogo ndo nabana matumizi. Kumbe ningetoa mara nne kwa mpango ningebaki na hela nzuri tu ya makato. Unaamini unabana kumbe ndo unavujisha.

Wa kubeti, hapa pana kazi fupi lakini ngumu. Jumlisha yote uliyoweka, jumlisha yote uliyotoa, toa moja kwenye nyingine. Usikumbuke mkeka uliochanika kwa timu moja, usikumbuke siku uliyopiga laki mbili, soma jumla peke yake. Kichwa kinatunza siku za kushinda na picha zake kabisa, siku za kuliwa kinazifuta.

HATUA YA 3: PENGO LA KILA USIKU

Taarifa ya simu inaishia pale ulipotoa hela mkononi. Kuanzia hapo ni giza, na giza hilo linamulikwa na njia niliyoipata kwa bibi yangu. Bibi alikuwa anauza maandazi. Jioni akirudi haanzi kuhesabu hela, anaanza kuhesabu maandazi yaliyobaki kwenye beseni. Anajua alitoka na mia moja na ishirini, yamebaki tisa, basi hela inatakiwa iwe ya mia moja na kumi na moja. Ndo anafungua ncha ya khanga anahesabu. Ikipungua anakaa kimya anawaza, "nilimpa nani?" Alikuwa anasema hela peke yake inakudanganya, lazima uwe na kitu kingine cha kuishuhudia. Na akimaliza ananukuu ile kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar, jihesabuni wenyewe kabla hamjahesabiwa. Muhasaba wake, yani kujihesabu kwake, ulianzia kwenye beseni.

Fanya hivyo hivyo. Asubuhi kabla hujatoka hesabu hela taslimu uliyonayo, mfukoni, kwenye pochi, kwenye begi, andika. Mchana kila ukitoa hela andika pale pale, hata kwenye meseji ya kujitumia mwenyewe. Usiku hesabu tena kilichobaki.

Mfano wa siku yangu moja. Asubuhi nilikuwa na 23,500. Nikatoa kwa wakala 20,000. Usiku nimebaki na 11,200. Maana yake mkononi mwangu zimetoka 32,300. Sasa nilichoandika mchana: daladala 1,400, chakula 4,000, boda 3,000, mboga za nyumbani 6,500, dawa ya mtoto 5,000. Jumla 19,900. Pengo 12,400.

Elfu kumi na mbili na mia nne kwa siku moja, na mi ni mtu niliyekuwa naandika! Nikakaa na hilo pengo robo saa. Nikakumbuka 5,000 nilimpa jirani wa duka la pili kwa mchango wa msiba, 3,000 nilinunua vocha kwa hela mkononi, 2,500 soda na karanga mara mbili. Zikabaki 1,900 sijui. Nikaandika hivyo hivyo, "sijui 1,900". Usizibe kwa kubuni. Ukishaanza kuandika "nauli" kwenye hela usiyoikumbuka daftari limekufa.

Siku tatu za kwanza pengo litakuwa kubwa, usishtuke. Kadiri siku zinavyokwenda linapungua lenyewe, na sio kwa sababu unabana matumizi, ni kwa sababu mkono unajua usiku utaulizwa.

Mwenye biashara ongeza mstari mmoja: hela ya droo. Sisi wa maduka tuna ugonjwa wa kuchukua kwenye droo na kusema "ni yangu mwenyewe". Jero ya maji, buku mbili ya vitumbua, elfu tano ya boda, kisha mwisho wa mwezi unasema biashara ngumu. Kila unachochukua kiandikwe kama mteja amekopa, jina liwe lako. Mimi kwa siku 14 nilichukua 96,000 nje ya kile nilichojipangia. Duka lilikuwa halina shida, mkopaji mkubwa alikuwa mimi.

HATUA YA 4: MADENI, YOTE, KWENYE UKURASA MMOJA

Ukurasa mmoja, safu mbili. Kushoto wanaokudai, kulia unaowadai.

Kushoto andika hadi kile cha Mangi dukani, hadi elfu tatu ya mama lishe, hadi salio la dharura la simu. Yale madeni ya watu ambao hawadai tena, andika. Hasa hayo. Kuna mtu unamkwepa njiani au unachelewa kumjibu meseji, we mwenyewe unamjua, jina lake liwe la kwanza.

Kulia andika unaowadai, afu kwa hesabu ya hatua hii weka sifuri. Wakilipa ni baraka. Ukipanga maisha kwa hela iliyo mfukoni kwa mtu mwingine bado unajidanganya hata kama mtu huyo ni mwaminifu.

Mikopo ya simu ipigie hesabu ya mwaka. Mtu anakopa 50,000 anarudisha 62,500 baada ya wiki mbili, anasema riba ni elfu kumi na mbili na mia tano tu (ona "tu" imerudi). Akilipa anakopa tena siku hiyo hiyo maana amebaki mkavu. Mwaka una wiki mbili mbili 26, mara 12,500 ni 325,000. Yani analipa laki tatu na ishirini na tano ili awe na elfu hamsini ambayo mwisho wa mwaka bado hana. Niliwahi kukaa kwenye hilo duara miezi mitano. Na kabla ya kukopa popote angalia kama anayekukopesha ana leseni, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na app 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila kibali, kwa hiyo hili sio la kudharau.

Kikoba nacho kina uongo wake mtamu. Unasema nina akiba kwenye kikoba, hisa zangu ni laki sita. Sawa, mkopo wako kikobani je? Na wiki ile ulikopa kwa nani ili ununue hisa usiaibike mbele ya wenzio? Andika hisa, toa mkopo, toa ulichokopa kulipia hisa. Kinachobaki ndo akiba.

HATUA YA 5: MICHANGO

Naipa hatua yake kwa sababu hapa Tanzania mtu anaweza kuwa mkweli kila mahali akaja kuanguka kwenye kadi ya harusi. Unaongezwa kwenye grupu la WhatsApp, wenzako wanaandika ahadi, laki, laki, elfu hamsini, na we unaandika laki. Pale hukuangalia salio hata kidogo, uliangalia aliyeandika juu yako. Ahadi ya mchango ni deni, iende kwenye safu ya kushoto tarehe ile ile uliyoiandika, sio siku mwenyekiti wa kamati akianza kukupigia.

Fanya hivi: kusanya grupu zote za michango ulizomo, harusi, kipaimara, send-off, misiba, andika ahadi zote na tarehe zake. Jumlisha. Mimi nilikuta ahadi za 410,000 kwa miezi miwili, na zote niliziahidi nikiwa nimekaa kwenye stuli dukani, dakika moja moja.

Afu jiulize kwa kila moja, ningetoa kiasi hiki kama jina langu lisingeonekana kwenye orodha? Swali hili limenisaidia sana. Mara nyingine jibu ni ndiyo kabisa, mtu huyu alikuja kwangu usiku wa msiba akalala kwenye mkeka, hata zaidi ningetoa. Hapo toa kwa moyo. Pale jibu likiwa hapana, mpigie mweka hazina mapema, mwambie "Ndugu yangu, nilisema laki, hali yangu naweza thelathini, naituma leo." Nimepiga simu tatu za hivyo. Wote waliniambia ahsante, mmoja akasema afadhali wewe uliyesema maana wengine wanazima simu.

HATUA YA 6: MUDA

Kwa simu ni rahisi. Kwenye Android nyingi, ingia Settings utafute Digital Wellbeing, kwenye iPhone ni Screen Time. Itakuonyesha masaa kwa siku, app ipi imekula ngapi, na umefungua simu mara ngapi. Tena linganisha na makisio yako. Nilidhani saa mbili, wastani wangu ukawa saa nne na dakika hamsini. Kwa wiki hiyo ni karibu masaa 34.

Wiki ina masaa 168. Kulala nilihesabu 49. Duka masaa 11 mara siku 6 ni 66. Njiani 9. Hiyo ni 124, yamebaki 44. Halafu mtu mwenye masaa 44 alikuwa anamwambia mwanae wa darasa la tatu, "Baba sina muda, mwambie mama akusaidie homework." Ni kweli sehemu ya yale masaa ya simu ilikuwa dukani na kwenye daladala, sitaki kujionea. Lakini nilipopasua zaidi nikakuta saa moja na nusu ya kila usiku, kati ya saa tatu na saa nne na nusu, nikiwa nimekaa kwenye kochi lile lile mtoto anapofanyia homework.

Zaidi ya simu, fanya kitu hiki kwa siku tatu tu kati ya zile 14, maana kinachosha. Weka alamu kila saa ukiwa macho. Ikilia andika maneno matatu manne ya unachofanya wakati ule, sio ulichopanga. Yangu yalikuwa hivi: saa nne asubuhi, natype barua ya mteja. Saa tano, nabishana mpira na boda. Saa sita, nasubiri mteja, naangalia video. Saa saba, nasubiri mteja, naangalia video. Saa nane, naprinti haraka, wateja watano, jasho. Siku nzima nilikuwa najiita "bize". Nilikuwa nipo kazini, nafanya kazi kama masaa matano. Kukaa dukani na kufanya kazi ni vitu viwili, na mtu wa ofisini najua ananielewa.

Neno "sina muda" libadilishe kwa siku 14 useme "sijaipa muda". Sijaipa muda mazoezi. Sijaipa muda mama. Mengine utayasema na utaona ni sawa kabisa, yanaweza kusubiri. Mengine utashindwa kuyatamka.

HATUA YA 7: TABIA, TAFUTA KAZI INAYOFANYA

Chagua tabia moja tu inayokusumbua. Kila ikitokea andika vitu vinne: saa ngapi, wapi, nilikuwa na nani, na saa moja kabla nilikuwaje. Usiandike "kwa nini" maana kwa nini ndo mlango wa visingizio.

Yangu ilikuwa chipsi za stendi. Nashuka daladala saa moja na nusu usiku, pale kwenye kona kuna kijana anakaanga chipsi mayai, mafuta yanalia, moshi unakupiga usoni kabla hujaona karai. Nanunua, nakula nimesimama, na kachumbari na pilipili, natupa karatasi, nafika nyumbani namwambia mke wangu sijisikii kula. Ameshapika. Nilikuwa najiita mlafi. Nikaandika siku 14, chipsi zikatokea mara tisa, na kwenye mara tisa, mara nane sikuwa nimekula mchana. Naruka chakula cha mchana ili nisifunge duka, nabana elfu tatu, usiku nalipa elfu nne stendi na nyumbani chakula kinalala.

Hilo usingelijua kwa kujiita mlafi. Karibu kila tabia ina kazi inayofanya, inakupoza, inakupa watu wa kuongea nao, inakuondoa kwenye kelele za nyumbani. Ukiijua kazi yake ndo unaweza kuitafutia mbadala.

Sasa kuna kitu lazima niseme bila kuzunguka. Kama siku 14 zimekuonyesha unakunywa kila asubuhi, au umebeti ada ya mtoto, au ulijaribu kuacha mwili ukatetemeka, basi daftari limefika mwisho wa uwezo wake. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, inaweza kuwa hatari kiafya, aende hospitali kwanza. Hospitali za rufaa za mikoa ulizia huduma ya afya ya akili, eleza ukweli uleule ulioandika. Nenda nalo daftari kabisa.

HATUA YA 8: MSOMEE MTU MMOJA

Ukweli unaoujua peke yako unayeyuka. Siku ya 14 chagua mtu mmoja, asiwe wa kukusuta wala wa kukusifia, na asiwe mtu unayemdai au anayekudai. Kwangu alikuwa dada yangu mkubwa. Nilienda nikakaa uani anapepeta mchele, nikamwambia, "Dada, nataka nikusomee kitu ila usiniambie chochote mpaka nimalize."

"Haya soma, mdogo wangu, masikio si ninayo."

Nikasoma. Nilipofika kwenye ndugu, kwamba nilidhani laki na nusu kumbe elfu themanini na tano, aliacha kupepeta. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, "Mke wako anajua la chipsi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kaanze na hilo, dogo hilo, litakufungulia makubwa." Nikaenda nikamwambia mke wangu usiku ule ule. Alicheka kwanza, afu akanyamaza, afu akasema miezi yote hiyo alikuwa anadhani sipendi chakula chake.

Mwenzi wako kama mna mipango ya pamoja ana haki ya kuona namba, ila kama nyumba yenu ina ugomvi wa hela msianzie usiku mkiwa mmechoka. Anza na zako, usimguse na zake. Usiseme "na wewe je". Akitaka ataleta mwenyewe.

HATUA YA 9: BADILISHA KITU KIMOJA

Kimoja. Najua una orodha ya kumi na tano sasa hivi. Chagua kile ambacho umbali kati ya makisio na ukweli ulikuwa mkubwa na kinachokuuma. Kiandike kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kukagua, "nitapunguza bando" haikaguliki, "bando moja la mwezi, likiisha nasubiri" inakaguliwa. Mimi nilichagua kula mchana saa saba, nafunga duka dakika ishirini, mlangoni natundika kibao nilichoandika kwa mkono. Chipsi zikashuka zenyewe mpaka mara mbili kwa wiki mbili, sikuzipiga vita.

Kisha kila Jumapili dakika ishirini: pengo la wiki limekuwa ngapi, wastani wa simu umekuwa ngapi, deni lipi limeongezeka. Na kila baada ya miezi mitatu rudia siku 14 kamili, ukianza tena na makisio. Makisio yakianza kukaribia ukweli ujue umepona sehemu kubwa, hata kama namba zenyewe bado hazijapendeza.

Utaacha kuandika. Kuna wiki itapita, utaumwa, utasafiri msibani, utachoka tu. Ukirudi usijaze siku zilizopita kwa kukumbuka, ruka, andika tarehe ya leo uendelee. Kwenye daftari langu kuna wiki tatu za mwezi wa nne hazina kitu, nimeandika tarehe juu ya kila ukurasa na chini nimeuacha mweupe hivyo hivyo, na kila nikilipitia nasimama hapo kidogo, najua wiki zile nilikuwa nakwepa nini.